Ati Shehe Analala Gesti?



 

Ndugu yangu, tangu nilipotaja kwenye darsa iliyopita kwamba nilikuwa Babati na nililala gesti karibu na stendi usiku nne, maswali ya gesti yamekuwa mengi kuliko maswali ya darsa yenyewe. Wengine wameuliza kwa adabu, Allah awalipe. Wengine wamecheka. Mmoja ameniandikia, "Shehe, mji mzima wa Babati ulikosa Muislamu wa kukupokea?" Mwingine kaandika neno moja tu, "Gesti?", kisha akanyamaza. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, maana ndani ya jambo hili mna fiqhi ambayo wengi wetu tunaihitaji kila tunapopanda basi, na mna haki za watu ambazo ni nzito kuliko kitanda nilicholalia.

Kwanza tuondoe aibu ya jina. Hapa kwetu neno gesti limechafuka. Ukiambiwa fulani kaonekana akitoka gesti saa kumi jioni, hakuna anayefikiria safari. Nakubali kwamba waliolichafua wapo, na wanaendelea kulichafua kila siku. Lakini nyumba ya kulala wageni imo ndani ya Qur'ani, ndugu yangu. Fungua Suratun Nur. Aya ya 27 na ya 28 zinatuamrisha tusiingie nyumba za watu mpaka tubishe hodi, tutoe salamu, turuhusiwe, na tukiambiwa turudi basi turudi. Ikaja aya ya 29 ikatoa ruhusa ya kuingia nyumba zisizokaliwa na mtu maalumu ambazo ndani yake tuna manufaa. Wafasiri wametaja kwamba ilipoteremka amri ya kubisha hodi, Abu Bakr (r.a.) aliuliza hali ya wafanyabiashara wa Kikureshi wanaokwenda Sham, ambao njiani wana nyumba za kufikia zisizo na mwenyewe wa kumpigia hodi. Mujahid na Qatada ni miongoni mwa waliosema kuwa makusudio ya aya ni hizo nyumba za wasafiri za njiani. Kwa lugha ya leo, gesti.

Sasa tazama aya hiyo inavyomalizika. Allah anatukumbusha kwamba anayajua tunayoyadhihirisha na tunayoyaficha. Na aya inayofuata mara moja, ya 30, ni ile ya kuwaamrisha waumini wanaume washushe macho yao na walinde tupu zao. Mimi huwa nasimama hapo kila nikisoma. Ruhusa ya kuingia nyumba ya wasafiri imewekewa mlinzi kabla hujaweka begi chini. Mahali ambapo mke hayupo, jirani hakujui, imamu wako hakuoni, na jina lako kwenye daftari unaweza kuandika lolote, hapo ndipo umeambiwa anayekuona yupo.

Hiyo ndiyo hukumu ya asili: kulala gesti ni halali. Kinachoweza kuiharibu ni wewe ulichokwenda kufanya.

Tuje kwa swali la pili, la kwa nini sikulala kwa Muislamu.

Nilikwenda Babati kwa ajili ya mirathi. Sitataja ukoo wala mtaa, na nimebadilisha mambo madogo ili wasijulikane. Mzee mmoja, asili yake Kondoa, alihamia Babati zamani, akalima, akajenga, akafariki mwaka 2016. Aliacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Aliacha shamba la mbaazi, nyumba ya kuishi, na fremu nne za maduka si mbali na stendi. Mtoto wake wa pili wa kiume alisoma kwangu Tanga akiwa kijana, ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia, "Ustadhi, tangu baba afariki hakuna kilichogawiwa. Dada zangu wananung'unika, mama analia, kaka anasema yeye ndiye msimamizi."

Nilipokuwa bado njiani, kaka mkubwa mwenyewe akanipigia. Sauti nzuri, heshima tele. "Shehe, chumba kiko tayari, maji ya moto yapo, mama watoto ameshachinja kuku. Usihangaike na mahoteli." Ndugu yangu, jiweke pale. Umetoka Tanga asubuhi, umebadilisha gari Arusha, mgongo unauma, na mwenye nyumba nzuri anakuita. Kukataa ukarimu wa Muislamu ni jambo zito. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kumkirimu mgeni ni katika imani, na akaweka mpaka wake kuwa siku tatu, kinachozidi hapo ni sadaka.

Lakini wanavyuoni wetu wamezungumza sana kuhusu anayehukumu baina ya watu wawili. Haifai amkaribishe mmoja bila ya mwingine, wala afikie kwa mmoja akamwacha mwingine. Hata kuwaketisha na kuwatazama, wamesema awafanye sawa. Sasa mimi si kadhi, sina cheo chochote, ni mtu niliyeombwa nisuluhishe. Sababu ile ile ipo. Nikilala kwa kaka, nikila kuku wake, asubuhi nikisema fungu lake ni kadhaa, dada yake ataamini vipi? Hata nikisema kweli, ile kweli itanuka mchuzi.

Kuna jambo Ibn Battuta alilisimulia kuhusu pwani yetu hii ambalo hulikumbuka kila nikiitwa kusuluhisha. Alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta desturi kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulifuata na sahani za chakula, kila mmoja anampa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo yule mgeni hafikii ila kwa huyo mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Mtu akinunua kwake kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia bila ya mwenyeji kuwepo, biashara ile haikubaliki kwao. Ni desturi nzuri, inamlinda mgeni. Lakini ona inavyofanya kazi: sahani moja ya chakula, na biashara yako yote imeshapita mikononi mwa aliyeishika ile sahani. Ibn Battuta mwenyewe, walipojua kuwa ni mtu wa elimu, hakuchukuliwa na kijana yeyote. Alikuja kadhi kumpokea, akapelekwa kwa sultani kwanza.

Basi nikamjibu yule kaka kwa upole kwamba nitafikia gesti, na siku jambo likiisha nitakuja kula kwake mpaka anifukuze. Hakufurahi. Nilimsikia alivyokata simu.

Babati kama hujafika, ni mji wa njia panda. Arusha huku, Singida kule, na Dodoma kwa kupitia Kondoa, ile barabara ambayo lami yake ilikamilika mwaka 2018. Ndiyo njia kuu ya zamani ambayo Waingereza walitaka iunganishe Cape na Cairo. Tangu mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati ikawa makao makuu, mji umepanuka, lakini moyo wake bado ni stendi. Mlima Kwaraa umesimama juu yako, ziwa lenye viboko liko chini, na katikati kuna watu wa kila namna: Wagorowa wenyeji wa hapo, Wambulu, Warangi, Wabarbaig na mashuka yao, Wanyaturu, Wachaga wenye maduka, na wasafiri ambao hakuna anayejua kabila lao. Usiku mji haulali. Bodaboda, wapiga debe, lori za vitunguu, moshi wa mishkaki, muziki wa baa tatu zinazoshindana, na juu ya yote hayo, alfajiri, adhana. Nilipenda. Nasema ukweli wangu, nilipenda. Mtu anayedhani dini inahitaji kimya hajasoma namna gani Makka ya wafanyabiashara ilivyokuwa.

Gesti yenyewe ilikuwa ya kawaida. Ghorofa moja, vyumba kumi na kitu, mlango wa chuma, mapokezi yenye dirisha dogo. Wanakupa daftari: jina, kabila, kazi, unapotoka, unapokwenda, namba ya kitambulisho, saini. Andika kweli. Nimesikia Waislamu, tena watu wazima wenye familia, wanaojisifu kwamba gesti huandika majina ya uongo. Kwa nini? Kama uko kwenye halali, jina lako linakufaa. Ukifa usiku, nani atajua wa kumwita akuoshe?

Nikapewa kandambili, taulo, kipande cha sabuni na ufunguo uliofungwa kwenye kibao. Mezani chumbani palikuwa na kitu ambacho sitakitaja, anayejua amejua. Nikakitia kwenye droo nikaifunga.

Watu wengi mmeniuliza juu ya usafi wa mashuka. Kanuni iko wazi: yakini haiondoshwi na shaka. Asili ya kitu ni tohara mpaka uone najisi kwa macho au ujue kwa hakika. Shuka limefuliwa, halina doa, halina harufu, basi ni tohara, lala. Usikae kitandani unahesabu nani alilala jana. Huo ni wasiwasi, na wasiwasi ni mlango wa shetani. Ukitaka kusalia juu ya mkeka wako mwenyewe, ni vizuri, mimi hubeba mswala mwepesi. Na ukiingia chumbani, usiache ile dua ya kujikinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia, aliyoipokea Khawla bint Hakim (r.a.) na imo katika Sahih Muslim. Mwenye kuisema anaposhukia mahali, hakuna kitakachomdhuru mpaka aondoke hapo.

Kibla. Wenzetu Malaysia na Indonesia wameneemeka, ukiingia chumba cha hoteli unakuta mshale darini au ndani ya droo, umeandikwa kiblat, hata katika mitaa yenye kelele na starehe za kila namna. Kule wao huelekea magharibi, wakipanda kaskazini kidogo. Sisi Babati, Makka iko kaskazini, ikivutwa kidogo mashariki. Nilikuwa nimetoa simu nitafute dira, yule binti wa mapokezi, Mmbulu, Mkristo, msalaba shingoni, akaniambia, "Shikamoo baba shehe. Waislamu wakija huwa wanasali wakielekea dirisha la nyuma. Na mkeka uko kabatini, hakuna anayeukanyaga na viatu." Nikapima na simu. Dirisha la nyuma lilikuwa sahihi.

Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna, ameona tu.

Nisimame kidogo kwa binti huyu, maana najua baadhi yenu mnavyowasema mabinti wa gesti. Analala kwenye godoro nyuma ya mapokezi. Anaamka saa kumi usiku kuchochea kuni za maji ya moto kwa sababu mabasi yanaondoka alfajiri, na Babati asubuhi kuna baridi. Anafua mashuka kwa mkono. Kisha mpita njia anamwita jina baya. Suratul Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana nyingi, ikatukataza kupelelezana, ikatukataza kusengenyana, yote katika aya moja, na haikusema isipokuwa kwa wafanyakazi wa gesti. Ukilala mahali, salimia anayekuhudumia, usimpigie mluzi, usimwite kwa kugonga meza, na ukiondoka usimwachie uchafu ambao ungeona haya mama yako akiuona.

Chakula: Babati kitimoto ni nyingi, na mara nyingine jiko la mishkaki ya ng'ombe na jiko la kitimoto ni moja, koleo ni lile lile. Abu Tha'laba (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vyombo vya watu wa Kitabu, akaelekezwa atafute vingine, asipopata basi avioshe ndipo avitumie. Kwa hiyo usione haya kuuliza. Mimi nilikula ugali na samaki wa ziwani kwa mama mmoja wa Kirangi, tukamaliza habari.

Sala: nilifika Alhamisi jioni nikaondoka Jumatatu alfajiri. Ukiondoa siku ya kuingia na ya kutoka, ni siku tatu kamili, kwa hiyo kwa madhehebu yetu ya Shafi nilikuwa bado msafiri, nikipunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili. Ila nikisali msikitini nyuma ya imamu mkaazi, natimiza nne. Ukikusudia kukaa siku nne kamili au zaidi, unatimiza tangu unapofika. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi popote. Msisahau hilo, kila Ramadhani ananiuliza mtu.

Sasa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Kuta za gesti ni nyembamba, unajua. Saa sita hivi nikasikia chumba cha pili kikifunguliwa, sauti ya mwanamume mtu mzima, sauti ya msichana. Wakaongea chini chini muda mrefu. Msichana akawa analia. Hakuna kipigo, hakuna ugomvi, kilio tu na sauti ya mwanamume ikimnyamazisha. Ningesikia kipigo au kuomba msaada ningegonga mlango, hilo si kupeleleza, hilo ni kumnusuru aliyedhulumiwa. Haikuwa hivyo. Nikawasha feni ili nisisikie, nikasoma nilichojaaliwa, nikalala.

Alfajiri kijana mmoja wa pale mjini alinifuata twende msikitini. Tukiwa koridoni, mlango ule ukafunguka, wakatoka wawili, yeye wa makamo, yeye binti mdogo amejifunika khanga hadi kichwani. Kijana wangu akanibana kiwiko. "Shehe, umeona mambo ya dunia?" Nikawaambia wale, "Habari za asubuhi." Wakajibu, "Nzuri." Wakashuka ngazi. Kijana njia nzima alitaka nimwambie neno.

Nilimsimulia kisa cha Umar (r.a.) alichokipokea Al-Hakim, kwamba usiku mmoja Madina alikuwa akizunguka na Abdulrahman bin Awf, wakaona taa kwenye nyumba na kusikia sauti zimepanda. Umar akamwambia mwenzake kwamba hiyo ni nyumba ya Rabia bin Umayya na wamo ndani wanakunywa, unaonaje? Abdulrahman akamjibu kwamba anaona wao wawili ndio waliofanya alichokataza Allah, wamepeleleza. Umar akageuka akaondoka. Huyo ni Amirul Muuminina, mwenye mamlaka ya kuadhibu, karibu na ulevi ulio wazi kiasi hicho. Sisi koridoni tulikuwa na nini? Khanga na kilio. Babati kuna hospitali ya mkoa, watu wanateremka kutoka Katesh na vijijini usiku na wagonjwa wao, wanalala gesti kusubiri kufunguliwe. Huenda walikuwa hao. Huenda hawakuwa hao. Mpaka leo sijui, na sikumuuliza binti wa mapokezi, ingawa yeye bila shaka alijua.

Jumamosi mchana ndipo gesti ilipofanya kazi iliyonileta.

Kikao cha kwanza, Ijumaa baada ya sala, tulikifanya nyumbani kwa kaka, kwa kuwa mama yupo pale. Akina dada watatu walikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Nikauliza kila mmoja ana neno gani. Mkubwa wao akasema, "Sisi hatuna neno. Kaka ndiye baba yetu." Wa pili akaitikia. Mdogo, aliyeolewa Singida, akasema, "Mimi nimesamehe fungu langu." Kaka akanitazama kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Nikafunga kikao.

Jumamosi, binti wa mapokezi akanigongea. "Shehe, kuna akina mama wanakuulizia." Walikuwa wale dada watatu na mama yao. Sikuwapandisha chumbani, hilo halizungumzwi. Na hata mapokezi sikutaka mlango ufungwe. Mnakijua kisa cha Mama Safiyya (r.a.), alipomtembelea Mtume (s.a.w.) kwenye itikafu, akatoka kumsindikiza usiku, wakapita Maansari wawili wakaharakisha mwendo, naye akawaita akawaeleza kuwa huyu ni Safiyya. Kama yeye, ambaye hakuna Muislamu angemdhania, aliondoa dhana kabla haijaingia, sisi ni nani? Usiwadhanie watu vibaya, na usiwaweke watu mahali pa kukudhania. Yote mawili ni wajibu wako. Tukakaa kwenye benchi la barazani, mbele ya barabara, bodaboda zinapita, binti wa mapokezi pembeni anachambua mchele.

Ndugu yangu, wale waliokuwa hawana neno walisema kwa saa nzima. Dada mkubwa alikuwa na hesabu ya kodi za fremu nne mwezi kwa mwezi, kaiandika kwenye daftari la mwanawe la shule. Wa pili mumewe ni mgonjwa. Yule mdogo aliyesamehe, nikamuuliza, "Umesamehe kwa kupenda?" Akatazama chini. Mama yake akajibu badala yake, "Kaka yake alimwambia akidai, asikanyage tena nyumba ya baba yake."

Wanavyuoni wamesema kilichochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu, sawa na kilichoporwa. Msamaha wa dada anayeogopa kukatwa na ndugu zake si msamaha. Nimeapa tangu zamani kwamba sikubali dada asamehe mirathi mpaka kwanza apewe mkononi, alale nayo, aamke nayo, kisha akitaka kumpa kaka yake ampe. Utashangaa ni wangapi hubadilisha mawazo baada ya kulala nayo. Na maneno haya ya benchi nisingeyasikia kamwe kama ningekuwa nimelala chumba kile chenye maji ya moto.

Jioni hiyo kaka akatuma mtoto na sinia la pilau, limefunikwa kawa. Alikwisha pata habari za benchi, Babati ni ndogo. Mnajua ilivyo vigumu kurudisha sinia kwa mtu wetu. Nikakumbuka yule aliyetumwa kukusanya zaka, Ibn al-Lutbiyya, aliporudi akasema hili lenu na hili nimezawadiwa mimi, na Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari akauliza kama angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake zawadi ingemfuata. Nikamwambia mtoto, "Mwambie baba ahsante sana, na hili sinia nitalila mwenyewe, kesho, kwake, tukiwa wote." Nikalirudisha na kawa lake.

Nisimdhulumu kaka. Alikuwa na hoja, na siku ya Jumapili nilimpa muda wa kuisema yote. Mbaazi zilipoanguka bei mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha kuingiza, watu wa Babati wengi waliachwa na magunia ndani. Yeye alibeba mkopo wa shamba peke yake, hakuna dada aliyechangia. Aliezeka upya fremu mbili kwa fedha zake. Aliuguza mama. Hayo ni kweli, na anayedhani msuluhishi huenda kumtafuta mwovu na kumpiga, hajui suluhu. Gharama yenye ushahidi inahesabiwa na inarudishwa kwake kabla ya kugawa, kama deni. Lakini usimamizi si umiliki. Mahakama ya Mwanzo ilimteua awe msimamizi ili akusanye mali, alipe madeni, awape warithi. Haikumpa mali.

Na mgawanyo wenyewe ulikuwa rahisi mno, hata mtoto wa madrasa angeufanya. Mke ana thumni, moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Zinabaki saba. Mwanamume ana mafungu mawili, mwanamke moja: wanaume wawili ni manne, wanawake watatu ni matatu, jumla saba. Mali yote mafungu manane. Mama moja, kila dada moja, kila kaka mawili. Miaka yote ile ya vilio, na hesabu ni ya vidole.

Kaka alikaa kimya muda. Kisha akasema, "Hizo kodi za nyuma je?" Hapo nikajua amekubali mgawanyo, maana mtu akianza kubishania madogo, kubwa limekwisha kuingia. Tukakubaliana: fremu zigawiwe kwa thamani, gharama zake zikatwe kwa risiti alizonazo tu, kodi za nyuma alipe kwa awamu. Watu sita wakatia saini, mama akaweka dole gumba. Thamani ya shamba haijapatikana bado, anasubiriwa mpimaji. Yule dada wa Singida amepata fungu lake la kwanza la kodi mwezi uliopita. Alinipigia simu kuniambia, nikamuuliza kama bado anasamehe. Akacheka sana.

Pilau nililila Jumapili usiku, sinia lile lile, tukiwa wote. Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri maji ya moto yalikuwa tayari kwenye ndoo. Nilimlipa yule binti usiku wa nne na kitu juu kwa ajili ya kuni, akanifungulia mlango wa chuma, nikavuka barabara kuelekea kwenye basi la Arusha.

Mwenye swali la mirathi aandike hapa chini idadi ya warithi na uhusiano wao na marehemu. Msiandike majina yao.

Wallahu a'lam.